Kilio Kilichompa Kache Tuzo

Saa kumi na mbili asubuhi Kache yumo ndani ya bwawa la chumvi, Gongoni, miguu kaifunga mifuko ya nailoni. Anakwangua, anarundika, anakwangua. Chumvi haina huruma na kidonda, naye ana vitano.

"Hujambo staa!" anamwita Everlyne, mwenzake wa zamu. "Leo hutulilii kidogo?"

"Nililia mara moja tu, mwenzangu. Mpaka leo sijanyamaza."

Ana miaka hamsini na mitatu. Kumi na tisa kaimalizia hapa, kwa shilingi mia tano na hamsini kwa siku. Mwezi uliopita, katika hoteli moja ya Bofa, chama cha wahakiki wa filamu wa Pwani, watu wanaokaa kivulini kupima machozi ya wenzao, kilimpa tuzo yake ya mwaka ya mwigizaji msaidizi. Katika filamu yenyewe alionekana dakika mbili.

Mwongozaji Zuhair, kijana wa Malindi, alikuwa akitafuta mama wa kulia msibani. "Mama, lia kama uliyefiwa na mwana," alimwambia. "Jina taja lolote."

Lolote! Pola, bintiye wa pekee, alikwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, na simu yake imenyamaza miezi ishirini na saba. Kamera ilipoelekezwa kwake, Kache aliangua: "Pola! Pola wangu, mbona umeniacha?"

Wahakiki walifuta macho. Nyumbani, karibu na Marafa, ukoo ulipoiona filamu ulisikia mengine. Kwao, aliye hai haliliwi kwa jina, na mama ndiye wa mwisho kukata tamaa. Akishalia yeye, basi.

Shemejiye, Mwaringa, ndiye aliyekuwa akienda kila mwezi kwa wakala aliyemsafirisha Pola, kuulizia. Sasa ameacha. Ukoo ulikaa matanga siku tatu, ukachinja mbuzi wa Kache mwenyewe.

"Shemeji, ule ulikuwa mchezo," alimsihi.

"Mchezo gani wa kupewa tuzo? Wenye tai zao wamesema kile ni kilio cha kweli. Sisi ni nani tubishe?"

Hata Kache alicheka. Kisha akakaa chini.

Wote walinyoa nywele, isipokuwa yeye. "Nikinyoa, nimemzika," anasema, akikaza kilemba. Alimwomba Zuhair alifute lile jina. "Mama, hapo ndipo tuliposhinda," akajibiwa. Tuzo yenyewe, kioo kizito, anazuilia mlango wa banda la kuku.

Hana nauli ya kumfuata wakala Mombasa, wala hajui ofisi yake. Amebakiwa na mpango mmoja.

"Zuhair anitafutie filamu nyingine," anasema. "Nisimame mlangoni nicheke, nimwambie Pola aingie, chakula kinapoa. Shemeji aone. Wahakiki wasinipe kitu."

Zuhair hapokei simu. Kache anainama, anakwangua.