Bukoba, Hapa Mwanza

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya dada yangu, vikanibana njia nzima, na nikafika ofisi ya simu kabla mlango haujafunguliwa. Aliyekuja kufungua alikuwa Msimamizi wa Zamu, mzee mwembamba wa Ukerewe, shati jeupe limepigwa pasi hadi mikono imesimama yenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Jina lako nani?"

"Zuhura."

"Hilo liache hapa mlangoni, utalichukua ukienda nyumbani. Humu ndani unaitwa Mwanza."

Nilidhani ananitania. Baadaye nikajua kwamba mzee yule alikuwa hajui utani hata kidogo. Ilikuwa sheria ya kazi. Opereta wa simu hakuwa na jina, alikuwa mji. Aliyekaa Musoma aliitwa Musoma, aliyekaa Shinyanga aliitwa Shinyanga. Ukitaja jina lako kwenye laini, Msimamizi, aliyekuwa na hedifoni yake ya kutusikiliza, alikuita pembeni ukapewa maneno ya kukutosha wiki nzima.

Ninyi wajukuu mliozaliwa na simu mkononi, niwaeleze kidogo. Zamani simu haikwenda yenyewe. Tulikaa mbele ya swichibodi, ubao mkubwa wa kusimama uliojaa vitundu. Kila kitundu kilikuwa laini ya mtu, ya ofisi au ya mji mwingine, na juu yake kilikaa kibati kidogo. Mtu akizungusha mkono wa simu yake huko aliko, kibati chake kinaanguka huku kwetu, chap. Unachukua waya wenye ncha ya shaba, unachomeka, unamuuliza anataka nani, kisha unachomeka ncha ya pili kwa huyo anayetakiwa. Mikono yetu ndiyo iliyokuwa mtandao.

Kila asubuhi kabla ya wateja tulikuwa na kazi tuliyoiita kuamsha laini. Unachomeka mji mmoja baada ya mwingine na kuita: "Musoma, Musoma, hapa Mwanza, unanisikia?" Naye anajibu, "Mwanza, nakusikia, endelea." Wote walijibu hivyo hivyo kama tulivyofundishwa, isipokuwa Bukoba. Bukoba alikuwa mwanamke mwenye sauti nzito kidogo, ya mtu aliyetoka kucheka sasa hivi. Yeye alijibu, "Ego, Mwanza. Endelea." Ego ni ndiyo kwa Kihaya. Siku moja Msimamizi aliingilia laini, akamwambia kwa ukali kwamba Kihaya si lugha ya kazi.

"Ego, mzee," akajibu Bukoba.

Nilijiuma mdomo nisicheke. Tangu siku ile nilimpenda.

Baadaye nikahamishiwa Magu. Swichibodi ya huko ilikuwa ndogo kama kabati la vyombo, na wateja wangu wakubwa walikuwa polisi na watu wa pamba. Mkuu wa Posta pale alikuwa mtu mwema, mnene, aliyefuga kuku kwenye chumba cha vifurushi, na mara nyingi niliunganisha simu za msimu wa pamba huku jogoo anawika nyuma yangu. Wateja walidhani nawapigia kutoka shambani. Lakini laini ya Magu ilikwenda Mwanza tu, kwa hiyo muda wote ule sikuisikia sauti ya Bukoba. Niliporudishwa mjini, asubuhi ya kwanza nikachomeka na kuita kama kawaida. Mara nikasikia, "We! Ni yule Mwanza wa zamani! Ulikuwa umepotelea wapi?" Nilikuwa sijatamka zaidi ya maneno matano. Nikajisikia nimerudi nyumbani kweli.

Ndipo vikaja vita vya Kagera.

Mkuu wa Kituo, aliyekuwa juu ya Msimamizi, alitukusanya uani. "Ndugu wafanyakazi," alisema, "king'ora kikilia, wote mnatoka. Mmoja tu atabaki kwenye ubao, kwa zamu. Mji hauwezi kukaa bila simu." Tukabandika karatasi nyeusi madirishani. Tukaambiwa tuchimbe handaki. Sasa wewe chimba handaki Mwanza! Jembe lilipiga mwamba tangu siku ya kwanza, na shimo letu likaishia magotini. Mkuu wa Kituo alilitazama, akasema linawatosha wafupi. Mwishowe ikaamuliwa tukimbilie kwenye mawe makubwa nyuma ya ofisi, yale yaliyoegemeana yakaacha uwazi katikati. Mungu alikuwa ameshatuchimbia, sisi tulikuwa tunajisumbua bure.

Siku ya zamu yangu ya kubaki, kabla ya mchana, tukasikia mshindo. Vikombe vikagongana mezani. King'ora cha mji kikaanza kulia. Wenzangu wakatoka mbio, mmoja na kitumbua mdomoni, na Msimamizi akatoka wa mwisho akihesabu vichwa. Nikabaki peke yangu kwenye chumba chenye giza la karatasi. Vibati vikaanza kuanguka, chap chap chap, mji mzima unapiga kwa pamoja. Mshindo wa pili ukapasua karatasi ya dirisha, vumbi likaingia. Nilishika waya, lakini ncha ikawa inagonga pembeni ya kitundu, haiingii. Nililia. Sioni haya kusema nililia.

Kibati cha Bukoba kikaanguka. Kitundu chake nilifanikiwa kukichomeka.

"Mwanza, una nini? Mbona unahema?"

"Tunapigwa mabomu, Bukoba."

Kisha akauliza, "Uko na nani?"

"Peke yangu."

"Basi sasa tuko wawili. Usikate. Chomeka mmoja mmoja, na kila ukichomeka niambie."

Nikavuta pumzi. "Hospitali kwa polisi," nikasema.

"Ego."

"Bandari kwa Mkuu wa Mkoa."

"Ego. Mwingine."

Tukaenda hivyo hivyo. Yeye hakuwa na la kufanya kwenye laini zangu, lakini kila nilipoisikia ego yake mkono ulitulia kidogo, na ncha ikaingia. Vibati vikapungua. Nilikuwa nimebakiza vichache Msimamizi aliporudi, majani kichwani, shati lake la pasi limechafuka kifua kizima.

"Baruti!" alifoka. "Kuna watu wanapasua mawe kilimani, wanatafuta kokoto za barabara, na hawakumwambia mtu yeyote!"

Sisi watu wa Mwanza tumekua na milio ya baruti. Mtoto wa hapa akisikia mwamba unapasuka hata hageuki. Lakini hofu ya vita ilikuwa imetusahaulisha sauti ya mawe yetu wenyewe, mji mzima ukaenda kujificha kwenye mawe kwa kuogopa mawe. Nilipomwambia Bukoba alicheka mpaka nikasikia mteja wake analalamika. Msimamizi alitusikia, na kwa mara ya kwanza hakutukemea.

Watu walifanya mzaha juu ya siku ile kwa muda mrefu, na mimi nilicheka nao. Ila kwangu yale mabomu yalikuwa ya kweli, na yule mwanamke alibaki nami.

Haukupita muda mrefu, zamu yake ikafika, na safari hii haikuwa baruti. Kibati chake kilianguka alasiri. Sauti yake ilikuwa chini, kicheko hakimo.

"Mwanza, huku hali si nzuri. Watu wanafunga mizigo, mji unahama. Mimi nimeambiwa nibaki mpaka simu za serikali ziishe."

"Uko na nani?"

"Wameondoka."

"Basi tuko wawili, Bukoba. Usikate."

"Sikati."

Alinipa simu moja baada ya nyingine, nami nikazipitisha. Katikati ya simu hatukuongea sana. Nilisikia magari nje kwake, na mtu akiita watoto. Akasema, "Imebaki moja, Mwanza, halafu na mimi..." Kukatokea mshindo, na laini ikawa tupu. Si ukimya wa mtu aliyenyamaza, kwa sababu laini iliyo hai hata mtu akinyamaza huvuma kidogo. Hii haikuvuma. Niliita. Nilizungusha mkono, nikaita tena, nikabadilisha waya, nikaita. Msimamizi alikuja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Zuhura," akasema, "laini imekatika."

Miaka yote ile hakuwahi kuniita kwa jina langu mbele ya ubao. Hapo ndipo nilipoogopa kabisa.

Meli zilianza kuleta watu kutoka Bukoba, ng'ambo ya ziwa. Kila nilipotoka kazini niliteremka bandarini. Watu walishuka na magodoro, sufuria, watoto migongoni, bibi mmoja na mkungu wa ndizi aliokataa katakata kusaidiwa kuubeba. Mgambo aliyekuwa anapanga watu aliniuliza namtafuta nani.

"Opereta wa simu wa Bukoba."

"Anaitwa nani?"

"Sijui."

"Yukoje?"

"Sijawahi kumwona."

Alinitazama. "Sasa mama, mimi nikusaidieje?"

Alikuwa na haki. Nilichokuwa nacho ni sauti tu. Basi nikapanda juu ya gunia, nikaita kama nilivyoita kila asubuhi: "Bukoba, Bukoba, hapa Mwanza, unanisikia?" Gati zima likageuka. Mzee mmoja aliyekuwa anashusha baiskeli akanijibu kwa upole, "Bukoba ndio sisi hawa, mwanangu. Unataka nini?" Watu waliochoka vile wakacheka, na mimi nikacheka nao huku machozi yananitoka. Lakini ile ego niliyoingojea haikuja. Nilirudi meli iliyofuata, na iliyofuata, mpaka mgambo akawa ananiwekea gunia langu la kusimamia.

Kazini niliendelea kuiamsha laini ya Bukoba kila asubuhi. Musoma alijibu, Shinyanga alijibu, nikachomeka kitundu cha Bukoba na kuuita ukimya. Msimamizi akaniambia, "Ndugu, hiyo laini haina mtu, unapoteza nguvu za betri." Nilimwitikia, na kesho yake nikaita tena. Hakunikataza mara ya pili. Mwenzangu mmoja alikuja kuninong'oneza kwamba siku za mapumziko yangu mzee huja mapema, anavaa hedifoni yake, anachomeka na kuita mwenyewe, "Bukoba, hapa Mwanza," polepole, kisha anasubiri.

Jeshi letu likasonga mbele, vita vikahamia mbali nasi, karatasi nyeusi zikabanduliwa madirishani. Asubuhi moja, kabla sijaanza kuamsha laini yoyote, kibati cha Bukoba kikaanguka. Chap. Chumba kizima kikageuka.

"Mwanza, Mwanza, hapa Bukoba."

Ilikuwa sauti ya mwanamume.

"Nakusikia, endelea," nikasema. Kazi ni kazi.

"Mimi fundi wa laini. Tunapima, tumemaliza kuunga nyaya. Unanipata vizuri? Haya, ngoja, kuna mama hapa ananinyang'anya..."

Kukasikika mvutano kidogo, kisha pumzi ya mtu.

"Ego, Mwanza."

Nilimgeukia Msimamizi, alikuwa ameshavaa hedifoni yake, mkono umefunika macho.

"Mwanza, niwie radhi," akasema Bukoba. "Nilikuambia sikati."

"Hukukata wewe," nikamwambia. "Ilikatwa."

Akanieleza kwamba alitembea kwa miguu hadi kwa shangazi yake upande wa Biharamulo, akiwa na hedifoni ya ofisi ndani ya kanga, maana mali ya umma haiachwi. Nikamwambia nilimtafuta bandarini kila meli iliyoingia.

"Bandarini! Mimi na maji wapi na wapi? Sijawahi kupanda hata mtumbwi."

Kumbe nimesimama juu ya gunia siku zote zile nikimngoja mtu anayeogopa ziwa! Tulicheka wote, na nikasikia kicheko cha tatu kwenye laini, chembamba, cha mzee wa Ukerewe.

Tuliendelea kuamshana miaka mingi. Mitambo mipya ilipokuja swichibodi ikatolewa, nami nikamaliza kazi yangu kwenye dirisha la wateja, nikisikiliza malalamiko. Siku hizi vijana huniuliza kama sijutii kukaa miaka yote ile nikiunganisha maneno ya watu wengine. Sijutii. Nimeona mji mzima ukihama, na nimeona mji huohuo ukirudi na kuzungusha mkono wa simu. Mtu aliyeshuhudia hilo hakati tamaa kirahisi, na ningependa nanyi msikate.

Nilipostaafu, Bukoba alisema atakuja kunipongeza. Jina lake nilishalijua, Paskazia, ila sikuwahi kulitumia. Ili asivuke maji kwa kivuko, alizunguka Kahama na Shinyanga, akabadilisha mabasi njiani. Nilimngoja stendi ya Nyegezi. Hatukuwa tumetumiana picha wala hatukuwa tumeambiana tutavaa nini. Sijui kwa nini, labda wote wawili hatukuona haja. Basi likasimama, abiria wakaanza kusukumana mlangoni, nyuso nyingi na zote ngeni kwangu. Nikasogea, nikaita kwa sauti yote niliyobakiwa nayo:

"Bukoba, Bukoba, hapa Mwanza, unanisikia?"

Kondakta akatoa kichwa. "Mama, umekosea gari! Hili linatoka Shinyanga, la Bukoba siyo hili!"

Na kutoka viti vya nyuma kabisa, nzito kidogo, ya mtu aliyetoka kucheka sasa hivi, sauti ikamjibu kabla yangu:

"Ego, Mwanza. Endelea."