Mabidoni Yaliyoinua Boti la Tantini Feza

Mwanangu, asubuhi ile ya Nchelenge, mji wa kando ya ziwa, bado ninaiona. Boti la chuma la Tantini Feza, dada wa baba yangu, lilikuwa limezama karibu na ufuo, mashine ikiwa juu yake. Tulikuwa tumevuka ziwa kukimbia vita vya Kongo, na boti hilo ndilo lililotulisha: chumvi tukipeleka Kilwa ya ng'ambo, upande wa Kongo, samaki wakavu tukirudi nao. Wanaume walivuta kamba mpaka ikakatika.

"Tulikatekate, tuuze vyuma," fundi mmoja wa vyuma akasema.

Mimi nilikuwa msichana, na shuleni nilikuwa nimesoma fizikia kidogo. Nikawaeleza habari za mwanafizikia mmoja Mgiriki wa zamani sana. Mfalme alitaka kujua kama taji lake lilikuwa la dhahabu tupu. Yule bwana aliwaza akachoka, hata akaenda kuoga. Alipoingia kwenye beseni, maji yakamwagika, na hapo akaelewa. Kitu kikiingia majini husukuma maji kando, na maji nayo hukisukuma juu, kwa nguvu sawa na uzito wa maji yale yaliyoondoka. Ndiyo maana boti la chuma huelea: tumbo lake la hewa husukuma maji mengi. Wanasema alitoka mbio barabarani, uchi, kwa furaha.

"Kumbe mutu wako alikimbia uchi!" mvuvi mmoja akacheka. "Tukivua nguo, boti itapanda?"

"Bakia na nguo zako, yaya," nikamjibu, nikimwita kaka mkubwa. "Leta bidoni na pompi ya baiskeli."

Tantini akanitazama. "Una hakika, mama?"

"Kitabu kina hakika, Tantini. Mimi ninaogopa."

"Basi tuogope pamoja. Leteni mabidoni yote!"

Tuliyajaza madumu yale ya plastiki maji ili yazame. Wapiga mbizi wakayafunga chini ya viti vya boti, midomo ikitazama chini, kisha tukapampu hewa ndani kwa bomba la mpira ili ifukuze maji, moja baada ya jingine. Mapovu yakatoka. Hakuna kilichosogea. Fundi akaokota msumeno wake. Tukapampu tena, na tope likaachia kwa kishindo. Kingo za boti zikachomoza juu ya maji kama mgongo wa kiboko!

Yule mvuvi wa mzaha ndiye aliyecheza kuliko wote, na shati lake mwilini.

Kwa hiyo, mwanangu, ulichosoma usikiache darasani. Kieleze, hata wakicheka, halafu kijaribu mbele yao. Mungu akupe akili ya yule Mgiriki, na mtu wa kuogopa pamoja nawe mpaka kilichozama kiinuke.