Niliinua Cruiser yangu mpaka mama akashindwa kupanda: vifaa nilivyofunga na safari yetu ya Kolo

Habari zenu wakuu, wa kwenye lami na wa kwenye vumbi.

Mimi humu ni msomaji tu. Naingia, nachota ujuzi, natoka kimya. Leo nimeona na mimi niache kitu, maana kila wiki kuna uzi wa "nifunge nini kwenye four-wheel yangu", na majibu ni yale yale. Langu limekaa kifamilia kidogo, mnivumilie. Na si chai, yamenikuta mimi mwenyewe.

Niko Dodoma, nimezaliwa hapa hapa. Marehemu mzee alikuwa mtu wa reli. Mama ni Mrangi wa Kondoa, kijiji cha milimani huko. Ukifika Kolo unaiacha lami, unakata kulia kama unaenda kwenye ile michoro ya mapangoni, halafu unaendelea mpaka barabara inakuwa njia ya ng'ombe.

Enzi zetu lami haikuwepo. Shule zikifungwa mwezi wa kumi na mbili tunapanda lori la mizigo, tunakaa juu ya magunia, mama ananifunga khanga usoni nabaki macho tu. Mpaka tufike Chemba ile khanga imeshakuwa rangi moja na barabara.

Nikiwaza utoto wangu, siwazi shule wala mpira. Nawaza lile lori.

Kwa sababu juu ya magunia mama alikuwa mtu mwingine kabisa. Nyumbani ni mama wa amri, hana mchezo. Juu ya lori anacheka na watu asiowajua, anagawa viazi vya kuchemsha, ananyoosha kidole: "Mnakiona kile kilima? Nyuma yake ndiyo kwetu." Kilima chenyewe kila mwaka kilikuwa tofauti, lakini mimi nilikuwa naamini tu.

Kolo tulikuwa tunapokewa na dada yake, mama mkubwa Zaina. Mwanamke mrefu, ana sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya korongo. Anajitwisha mzigo wetu wote, anatangulia, sisi tunakimbia nyuma yake. Jioni ugali wa uwele na mlenda, halafu wale dada wawili wanaongea mpaka mimi nalala.

Miaka ikaenda wakuu. Mzee akafariki, mama akahamia kwangu Nkuhungu. Siku moja akateleza bafuni, akavunjika nyonga. Alipona, ila anatembea na fimbo na mguu mmoja haukunji vizuri.

Ajabu ni kwamba lami ilipofika Kondoa ndipo mama alipoacha kwenda kwao. Basi linamshusha Kolo vizuri tu, lakini kutoka pale ni bodaboda, na bodaboda kwa nyonga ile haiwezekani. Mama mkubwa naye huko macho yakaisha. Wakawa watu wa simu. Kila Ijumaa wanapigiana, wanapiga kelele kama vile mtandao unasukumwa na sauti.

Sasa tuje kwenye gari.

Kampuni moja ya utalii ilikuwa inafunga shughuli, inauza magari yake. Nikapata Cruiser hardtop ndefu, dizeli, ile yenye paa la kufunguka juu ili watalii wasimame kuangalia wanyama. Injini haina neno. Nilipoiingiza getini, mama akatoka na fimbo yake, akaizunguka yote, akapiga bodi kwa kiganja.

"Athumani, hii inafika kwetu?"

"Inafika, mama."

"Basi twende Jumamosi."

Nikacheka. Nikamwambia ngoja niiweke sawa kwanza.

Wenye hizi gari mnajua hiyo "niiweke sawa" inavyokuwa.

Nilianza na tairi za kashata, zile zenye meno makubwa, maana zilizokuja nazo zilikuwa zimekwisha. Hapo sijutii. Nikaweka mkonga mpya, lile bomba la kuvutia hewa linalopanda mpaka kwenye paa, na hapa nitoe ushauri: wengi humu mnadhani mkonga ni wa kuvukia maji tu. Kwa kanda yetu hii faida yake kubwa ni vumbi, injini inavuta hewa ya juu yenye unafuu. Lakini hakikisha maungio yamezibwa vizuri, la sivyo umefunga pambo.

Ikaja keria ya juu. Ikaja bampa la chuma mbele, na bampa likishakaa unaona linadai winchi ya kujivuta ukikwama, nikafunga winchi. Winchi ni nzito, pua ya gari ikainama, basi nikabadilisha springi za mbele. Nikaona mbele imenyanyuka kuliko nyuma, nikabadilisha na za nyuma, na shokapu ndefu kote. Gari ikasimama juu kama twiga. Nikaongeza taa, tenki la ziada, kompresa ya kujazia upepo, na betri ya pili ya friji ambayo mpaka leo sijainunua.

Kila nikirudi kutoka gereji mama anauliza, "Imekwisha?" Namwambia bado kidogo. Mke wangu Rukia akawa anatingisha kichwa. Siku ya winchi alisimama mlangoni akasema, "Baba Shamsa, hii gari inakwenda Kondoa au inakwenda vitani?"

Halafu ikaja simu ambayo si ya Ijumaa. Mjukuu wa mama mkubwa. Bibi amekataa chakula, amelala tu, anamuulizia mdogo wake.

Mama hakulia. Alikuja sebuleni amekwisha vaa, mkoba mkononi. "Athumani, gari imekwisha?"

"Imekwisha, mama."

Asubuhi iliyofuata tukatoka nje. Nikafungua mlango wa nyuma. Mama akasogea, akaegemeza fimbo, akashika mlango, akanyanyua mguu.

Mguu haukufika.

Akajaribu mguu wa pili, ule mbovu ukashindwa kumbeba. Akatulia, akapumua, akajaribu tena. Mimi nimesimama pale na funguo mkononi, naangalia kisigino cha mama yangu kikigonga bodi ya gari niliyomwambia ni kwa ajili yake.

"Mama, ngoja nikunyanyue."

"Sitaki. Kubebwa nitabebwa siku nikifa, na siku hiyo sitakuwa na la kusema."

Rukia akakimbia kuleta kreti la soda, akaligeuza juu chini. Mama alipokanyaga likayumba, tukamdaka. Hapo akachukua fimbo yake, akageuka, akaanza kurudi ndani. Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningeweza kuivumilia.

"Nendeni nyinyi," alisema. "Mkamsalimie. Mwambieni nilitoka mpaka nje."

Wakuu, maneno yale yalinimaliza.

Nilimwomba mama anisubiri, mkoba asiufungue. Nikaendesha mpaka gereji kwa Fundi Yona, Mgogo mmoja mcheshi sana ambaye ndiye aliyenifungia karibu kila kitu. Nikamwambia: rudisha springi na shokapu za zamani zote, shusha gari. Chomelea ngazi ya kudumu mlango wa nyuma, ngazi ya vipande viwili, pana, yenye bati la kutoteleza. Na ndani weka mshikio wa bomba, mtu ashike kwa mikono miwili.

Yona aliniangalia, akaangalia gari. "Bosi, hizi springi tumezihangaikia mimi na wewe. Uliipiga picha gari nzima."

"Shusha, Yona."

"Na winchi?"

"Iache. Ila kama uzito wake utazishinda springi za zamani, nayo toa."

Hakuuliza tena. Alisimamisha kazi nyingine, akanitolea na bampa la chuma pia, akarudisha lile la kuzaliwa nalo. Winchi ikatoka pamoja na lile la chuma. Nilikaa pale juu ya ringi nikimuangalia akichomelea. Kabla jua halijazama nikarudi nyumbani. Mama alikuwa amekaa pale pale sebuleni, mkoba magotini.

Kesho yake alikanyaga ngazi ya kwanza, akashika bomba, akakanyaga ya pili, akaingia. Akakaa. Akatandaza khanga yake magotini, akamwambia Rukia, "Mwambie dereva mbona hatuondoki."

Tukapita Mayamaya, Chemba, lami safi. Tukaikaribia Kondoa. Mama akaanza kusimulia. Hapa lori letu liliwahi kupasuka tairi mbili kwa mpigo. Hapa tulinunua asali ukaharisha. Kile kilima mnakiona? Nikatazama kwenye kioo, nikaona ni yule mama wa juu ya magunia. Sikuwa nimemwona miaka mingi. Nikaendelea na barabara.

Baada ya Kolo, kwenye mto wa mchanga, gari ikazama. Nikashuka. Nilitazama pande zote mbili hakuna hata mti wa kufungia kamba, ni mchanga na mbuzi, kwa hiyo hata ningekuwa na winchi ingebaki kuwa mzigo. Nikapunguza upepo tairi zote nne zikae pana juu ya mchanga, nikaweka gea ndogo, nikaondoka taratibu bila kukanyaga mafuta kwa nguvu. Ikatoka. Ng'ambo nikajaza upepo kwa kompresa. Kwa hiyo mnaoanza: kompresa na kipimo cha upepo kwanza, mengine mtajaza mbele ya safari.

Mama mkubwa tulimkuta uani, kwenye mkeka, amekonda sana. Yule mwanamke mrefu alikuwa amebaki mfupi kama mtoto.

Mama aliteremka ngazi, akaenda na fimbo yake, akainama kwa shida, akamshika mkono.

Mama mkubwa akaupapasa ule mkono. "Huu ni mkono wa mtu wa mjini," akasema. "Haujashika jembe."

"Ni mimi, dada."

"Najua ni wewe. Umekuja na nini?"

"Na gari ya Athumani."

Nikapiga goti. "Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba. Gari unayo tangu lini? Mbona tuliambiwa zamani una gari?"

"Ilikuwa kwa fundi, mama mkubwa."

"Ilikuwa inaumwa?"

"Hapana," nikasema. "Ilikuwa nzima."

Mama mkubwa aliguna tu. Jioni ile alikula. Si sana, matonge machache ya ugali wa uwele, mama akimchovyea mlenda. Mjukuu wake alitoka nje akasimama nyuma ya nyumba kwa muda.

Asubuhi mama mkubwa akatoa amri: anataka kupanda hiyo gari. Tukasema apumzike. Akasema amepumzika vya kutosha. Tukampeleka mpaka mlangoni, nikamwekea mikono yake kwenye bomba. Akapanda mwenyewe wakuu, ngazi ya kwanza, ngazi ya pili, anahema, anacheka.

Nikafungua paa lote. Nikaendesha polepole kuelekea kwenye kisima cha zamani, wale dada wawili nyuma, upepo unawapiga kutoka juu.

"Hapa tunapanda," akasema mama mkubwa, na kweli tulikuwa tunapanda. "Sasa kushoto kuna lile jiwe. Hapa ndipo ulipovunja mtungi wa mama."

"Mimi? Ulivunja wewe!"

"Ulivunja wewe, ulikuwa unaimba."

"Dada, muogope Mungu. Ulikuwa umeubeba wewe!"

Walibishana kuhusu mtungi mpaka kisimani, wakabishana mpaka tuliporudi. Rukia alikuwa amefunika uso kwa mtandio, sijui anacheka au analia. Mimi sikuwaona wanawake wawili wazee. Niliona wasichana wawili wanaotoka kuteka maji, wanaogopa kurudi nyumbani.

Mama hakurudi na sisi Dodoma. Alisema atakaa. Akakaa mpaka uwele ukavunwa, na dada yake aliondoka mavuno yakiwa yamekwisha, asubuhi, wakiwa pamoja. Siku ile Cruiser ilifanya kazi ya kupandisha waombolezaji kutoka Kolo, wazee hasa. Wote walipanda wenyewe.

Sasa ushauri wangu, kwa kila anayetaka kufunga vifaa.

Usianze na picha za mtandaoni. Anza na watu. Nani atakaa humu ndani, magoti yake yakoje, na mnakwenda wapi. Ukishajibu hayo, vifaa vinajichagua vyenyewe. Kwangu vilivyobaki vya maana ni tairi nzuri, mkonga, kompresa, tenki la ziada, keria, ngazi na mshikio. Winchi iko stoo. Sisemi ni mbaya, anayevuka mbuga ya Bahi kwenye masika atanicheka, na ana haki.

La pili, gari ikishakuwa nzima, ondokeni. Hayo mengine mtayafunga mkirudi.

Haya, mimi nimemaliza, semeni na nyinyi. Ambao mmebeba wazazi kwenye gari za juu, mlifanyaje? Na kama kuna anayemjua fundi mzuri wa siti hapa Dodoma aniambie, maana mama sasa anataka ya mbele ishonwe upya iwe yake. Anasema kule nyuma haoni vilima vizuri.