Majivu, Fukusi na Maneno ya Bibi

Nilipokuwa mtoto kule Mhunze, miaka ya sabini, niliamini kwamba fukusi, wale wadudu wanaobungua nafaka, hutumwa na watu wenye kijicho. Ndivyo alivyonifundisha Bibi, mama yake baba. Kila baada ya mavuno alichanganya mbegu ya mtama na majivu ya jikoni, akaimimina chunguni, kisha akainama na kuwataja marehemu wake. Asipowataja, alisema, fukusi watamaliza mbegu na sisi tutakula vumbi.

Domo langu likamsimulia mwalimu wetu wa sayansi, mama mmoja wa Tanga asiyejua kudharau mtu. Jioni moja akaja nyumbani.

"Shikamoo, Bibi. Nimekuja kujifunza habari za majivu yako."

"Marahaba. Majivu bila maneno ni taka za jikoni tu, Mwalimu."

"Umewahi kujaribu bila maneno?"

Nilitamani ardhi inimeze. Bibi hakuwa mtu wa kuhojiwa. Alichezea ushanga wake, halafu akaniagiza vibuyu vitatu. Cha kwanza akatia mtama mtupu. Cha pili mtama, majivu na maneno. Cha tatu mtama na majivu, mdomo kaufunga kabisa. Nikaviziba kwa magunzi, akavitundika mbali na chungu cha mbegu.

Kiangazi kile kizima roho yangu haikutulia. Nilikiogopa kibuyu cha tatu. Kikitoka salama, Bibi yangu atabaki na nini?

Mvua zilipokaribia, Mwalimu akarudi, tukavifungua. Cha kwanza kilijaa fukusi, mtama umekuwa unga. Cha pili safi. Cha tatu safi vilevile. Mwalimu akainamisha kichwa, mimi nikaanza kulia.

"Unalia nini, Kabula?" Bibi akauliza, huku akipepeta mtama wa kile cha tatu. "Kumbe fukusi anaogopa majivu. Basi sitawasumbua tena wazee wangu kwa ajili ya wadudu. Nitawaita kwa kuwa nawapenda."

Wiki iliyofuata alisimama mbele ya darasa letu na ungo wake, akatufundisha.

Sasa mimi ndiye mwalimu wa sayansi, Shinyanga mjini. Wanafunzi wangu hutundika vibuyu vitatu kila mwaka, nami huwaambia ni nani aliyelibuni jaribio hilo. Nyumbani nikichanganya mbegu zangu na majivu, nainama na kulitaja jina la Bibi. Fukusi hawahusiki.