Shemeji Rwakabuba na Bomu Lake

Mdogo wake marehemu mume wangu anaitwa Rwakabuba. Naandika habari zake kwa sababu watu wa Juru, mtaa wetu hapa kambini, wamekuwa wakizisimulia kwa kucheka, na jina analotembea nalo ndilo jina la watoto wangu. Sitamsifu. Anayetaka sifa zake amfuate mwenyewe kwenye kibanda cha kuchaji simu, atazipata bure na kwa sauti kubwa.

Alizaliwa milimani, juu ya Uvira, kitinda mimba katika boma la watu waliojulikana kwa ng'ombe na kwa Biblia. Mama mkwe wangu aliwahi kunieleza jinsi alivyomlea. Wageni wakija, mtoto aliketi mlangoni akaanza kulia, na mama yake, kwa kuona aibu, akampa upesi chochote alichokitaka. Wageni wakiondoka, alinyamaza mwenyewe. Alipobalehe aliacha machozi akashika maneno. Alimwambia baba yake kwamba asipopewa mtamba mmoja mweupe atakwenda kujiunga na wenye bunduki msituni, watu wote wajue kwamba mwana wa mwinjilisti amekuwa mwizi wa barabarani. Mtamba alipewa. Msituni hakwenda, alikuwa anaogopa mvua.

Huyo ndiye niliyebaki naye hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale kama mkubwa wa ukoo, baada ya mume wangu Ngabo kufariki. Ni mfugaji mzuri, hilo siwezi kumnyima. Ng'ombe wake wachache wanang'aa, na maziwa anayopeleka Isingiro kwa baiskeli hayana maji ndani yake. Lakini akishamaliza kuuza maziwa hukaa kibandani kusikiliza redio mpaka jua linapoelekea kutua, na siku hizi redio ina habari moja anayoipenda kuliko zote: nchi moja ya mbali yenye mabomu ya nyuklia, ambayo kila baada ya muda huwatangazia majirani zake kwamba itawateketeza.

"Madamu!" aliniita siku moja nilipokwenda kuchukua simu yangu. Ananiita hivyo kwa dhihaka, kwa kuwa nilifundisha historia sekondari. "Umesikia? Ile inchi imesema itachoma bote kama banaisogelea. Bakubwa ba dunia banatetemeka kama kuku mu mvua!"

"Nimesikia, shemeji. Wewe unafurahia nini?"

"Nafurahi juu iko na akili. Batu yake banalala njaa, lakini ikikohoa tu, banaletewa ngano, banaletewa mafuta, banaambiwa pole pole, rafiki. Sisi hapa banatupunguzia chakula, nani anatuogopa? Tungekuwa na bomu moja mu Juru, moja kadogo tu..."

Wanaume waliokuwa pale wakacheka.

"Na bomu ya kwanza kabisa," akaendelea, "udongo yake si ilitoka kwetu, mu Katanga? Muulize Madamu."

"Ulitoka huko," nikasema. "Na waliouchimba hakuna mtu aliyewaogopa. Lakini nikuulize wewe: nchi hiyo ikilirusha bomu lake, majirani nao watajibu. Yenyewe itakaa wapi?"

Akaniangalia kama mtu anayemhurumia mjinga. "Halirushwi, Madamu. Linaonyeshwa. Unalifungia mu nyumba, unaacha mulango wazi kidogo, kila mutu apite aone mukia yake. Njo kazi yake."

Nilimwambia kwamba anayelichezea kila siku, siku moja mkono utateleza. Wanaume wakacheka tena, safari hii wakinicheka mimi, nikachukua simu yangu nikaondoka. Sikujua kwamba alikuwa akinieleza mambo ya nyumba yangu.

Binti yangu Umwiza anafundisha watoto wadogo Mbarara. Huko alipata mchumba, Ishema, kijana muuguzi. Baba wa Ishema, Mzee Mihigo, ni shemasi anayekaa Nyamitanga na anaheshimiwa na watu wetu wote kuanzia Mbarara mpaka hapa kambini. Kwetu baba wa msichana akiwa amekufa, ndugu yake ndiye anayekaa mahali pake siku ya kuposa. Yeye ndiye anayejibu wageni, na yeye ndiye anayepokea chombo cha maziwa, kilichofukizwa moshi, na kuyanywa kwanza. Asipoyanywa, hakuna ng'ombe wa mahari anayesogea. Na katika ng'ombe hao, mmoja ni wake kwa desturi.

Rwakabuba alikuja kwangu mchana, akakataa kiti, akasimama akiegemea fimbo yake.

"Ng'ombe zote zitakuja mu zizi yangu," akasema.

"Mmoja ni wako. Wengine ni wa kaka zake Umwiza, ili nao waoe."

"Zote. Ama siku ya harusi, pasta akiuliza kama kuko mutu mwenye neno, mimi nitasimama. Nitasema ile mwaka Umwiza alizaliwa, ndugu yangu alikuwa amejificha Bukavu, na wewe ulikuwa Uvira. Batu bajihesabie."

Kwamba Umwiza si mtoto wa Ngabo ni uongo. Ngabo alirudi Uvira akiwa amejifunika kwenye lori la mihogo, akakaa nami ndani ya nyumba bila majirani kujua, akaondoka tena. Waliojua walikuwa wachache, na vita vimewala wote. Rwakabuba anajua ukweli kwa sababu ndugu yake alimwambia mwenyewe. Lakini uongo unaoweza kuhesabiwa kwa vidole unapita kanisani haraka kuliko ukweli uliofichwa chini ya mihogo. Umwiza angerudishwa, nami ningekuwa mwanamke wa kunong'onezwa kisimani.

"Binti zako nao wana jina hili," nikamwambia. "Ukilichoma, nani atawaposa?"

"Kwa hiyo usiniache nilichome," akajibu, akaenda zake akipiga mluzi.

Nilikwenda kwa mchungaji wetu, Nicodème. Alikunja uso, akasema, "Mama Umwiza, mpe tu. Ng'ombe ni ng'ombe. Tununue amani, halafu tuombe." Binamu mmoja wa mume wangu alitoa shauri jingine: tumwambie Rwakabuba kwamba akifungua mdomo, vijana watamvunja miguu na zizi lake litawaka moto. Nilikataa yote mawili. Mtu wa namna hii ukimlipa, umemfundisha bei. Na ukimtishia kwa moto, umekubali kwamba moto ni lugha ya watu wazima, kisha mnabaki wawili mmeshika viberiti ndani ya nyumba moja ya nyasi. Nimesoma habari za mataifa makubwa, na sikuona kwamba yana shauri la tatu kila mara. Huyu anapeleka ngano mlango wa nyuma, yule anatangaza kwamba bomu lake ni kubwa zaidi, na mwenye kutisha anaendelea kula huku na huku.

Nikapanda gari kwenda Mbarara, nikaenda Nyamitanga kwa Mzee Mihigo. Katika maisha yangu nilikuwa sijawahi kusema jambo la chumbani mwangu mbele ya mwanamume asiye mume wangu. Siku ile nilikaa wima katika sebule yake nikalisema lote: Bukavu, Uvira, lori, mihogo, na kitisho cha shemeji. Nilisema kwa Kiswahili sanifu, kama ninayefundisha, ili sauti isinitoroke.

Mzee alisogeza kiti chake karibu. Kisha akasema polepole, "Mama, mimi nilishajua. Alinitumia mutu zamani kidogo. Nikamupa fahali moja, anyamaze."

Niliona giza. "Ulimpa fahali?"

"Kwa ajili ya heshima yako. Sikutaka usikie hata harufu ya ile neno."

"Mzee, kwa fahali ile ulikiri kwamba neno lake lina thamani. Umenitukana ukidhani unanifunika. Ulimnunulia risasi ya pili!"

Mke wake alitokea mlangoni na chai, akaona uso wangu, akarudi nayo jikoni.

"Ni kweli," Mzee akasema mwishowe. "Sasa unataka tufanye nini?"

"Nataka siku ya kuposa lisemwe wazi, mbele ya wote, kabla ya maziwa. Nitalisema mimi. Na kila aliyewahi kumlipa aseme alichomlipa. Na yeye awepo, kwenye kiti chake, kile kile cha heshima. Asipigwe, asitukanwe, asifukuzwe."

"Na akilisema tena kanisani?"

"Litakuwa limeshasikika. Nawe utakuwa umeshasema mbele ya watu kwamba unamchukua Umwiza kwa jina la Ngabo. Hilo ndilo ninalokuomba. Si fahali."

Mzee alikubali. Nilikunywa chai yake ilipoletwa tena, lakini sukari sikuweka.

Siku ya kuposa tulifunga turubai uani kwangu Juru, wageni upande huu, sisi upande ule, Rwakabuba katikati akiwa amevaa koti la marehemu mume wangu, ambalo nalo alilipata kwa kutisha. Kwetu mwanamke hazungumzi kabla ya maziwa. Niliposimama, wanaume wa pande zote mbili waliinama kama walioshikwa na baridi.

"Kuna neno," nikasema, "ambalo shemeji yangu amelitunza kwa ajili ya harusi. Nalisema leo ili asichoke kulibeba." Nikalisema lote. Nikawaeleza lori na mihogo. Nikamgeukia. "Shemeji, ni hilo, au kuna jingine?"

Alicheka kicheko kikavu. "Huyu mwanamuke ana wazimu. Mimi nimemutisha nani?"

"Mimi," Mzee Mihigo akasema bila kusimama. "Nilitoa fahali. Na leo ninasema mbele ya bote, Umwiza ninamuchukua kwa jina ya Ngabo."

"Mimi nilitoa beberu," akasema yule binamu wa mume wangu, ambaye alikuwa hajaniambia. Mchungaji Nicodème akakohoa, akasema kwamba yeye alitoa baiskeli, kwa jambo jingine ambalo halihusu posa. Hapo watu walianza kutazamana. Kila mmoja alikuwa amekaa muda wote akidhani ni yeye peke yake anayeokoa jina la ukoo, na kila mmoja alikuwa amenyamaza kwa adabu. Adabu yetu ndiyo iliyomlisha. Alikuwa amelichunga lile neno kama ng'ombe wa maziwa, sisi tukilikamua na kumpelekea ndoo.

Wa mwisho alikuwa Mukakalisa, mke wa Rwakabuba mwenyewe, mwanamke ambaye sijamsikia akipaza sauti hata kwa kuku.

"Baba Sifa," akamwambia mumewe, "binti zako bane beko hapa. Ukisimama mu kanisa, mimi nitasimama mbele yako. Nitasema bote basikie kwamba ndugu yako alikuambia ukweli, na mimi nilikuwa nasikia."

Umwiza akaleta maziwa. Alipiga magoti mbele ya baba yake mdogo kama alivyofundishwa, akakinyanyua chombo kwa mikono miwili. Nilimchukia Rwakabuba wakati ule kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote, hata waliotufukuza milimani. Sikutaka anywe. Nilitaka chombo kimvunjikie usoni. Lakini kiti kilikuwa chake, na kama nisingemwachia cha kukalia, asingebakiwa na kitu kingine cha kufanya ila kulirusha lile bomu lake.

Alikipokea. Akanywa. Akafuta midomo kwa mkono wa koti la mume wangu.

"Maziwa iko na moshi mingi," akasema. "Hamukuosha chombo muzuri."

Ng'ombe wakahesabiwa wa watoto wangu, na mmoja wake.

Kanisani, mchungaji alipofika mahali pa kuuliza kama kuna mwenye neno, watu wote waligeuka kumtazama Rwakabuba. Hawakuwa na hofu. Walimtazama kama watu wanaongoja mvua inayojulikana. Mukakalisa akaweka mkoba wake chini. Naye Rwakabuba akasimama kweli, mrefu, akalinyoosha koti.

"Endelea, Pasta," akasema. "Ng'ombe yangu haiko na mutu wa kuichunga."

Kanisa lote likacheka. Mimi sikucheka. Mpaka leo yuko kibandani akiisifu ile nchi yake, na nikipita ananiita Madamu. Namwitikia, kwa kuwa mtu wa namna ile usipomsalimu atatafuta neno jingine. Lakini koti la Ngabo nimelidai mbele ya watu, wala simpi kitu ili alirudishe. Analivaa kila Jumapili, nami kila Jumapili, pale mlangoni mwa kanisa, namuuliza atalileta lini.