Kiti cha Watu wa Mama
Karani wa kamati ya katiba alikuwa mwanamke wa sauti moja. Asome rambirambi, asome bei ya mapazia, yote yalitoka makavu vilevile. Kila mara kabla ya kusoma hukohoa kidogo, hunyoosha kola, hugongagonga karatasi mezani zikae sawa. Asubuhi hiyo wajumbe walipiga kura ya siri juu ya viti vipya bungeni: viwili vya halmashauri, na kimoja cha wenyeji wa msituni, watu wa mama yake karani, ambao hawakuwahi kuwa na mbunge hata wa dawa. Matokeo akapewa yeye. Akakohoa, akanyoosha kola. "Viti vya halmashauri vimepita. Kiti cha wenyeji wa msituni, ki..." Sauti ikamponyoka. Akajaribu tena, "ki...", kikatoka kicheko chembamba cha kisichana, kikamvunja mbavu mpaka akashika meza. "Mama karani, kimepita au hakikupita?" mwenyekiti akauliza, mdomo ukimcheza. Karani akajifuta machozi, akapaza sauti, akajibu kwa lugha ya mama yake. Hakuna aliyeielewa, lakini ukumbi mzima ulisimama kwa vifijo.