Hatua za Fausta

Operesheni Vijiji ilipotushusha kutoka milimani kuja Kidete, Gaudiosa alikuwa na mimba kubwa, na mumewe Urbanus, kibarua wa reli, alishajenga nyumba ya matofali na kuezeka bati. Sisi majirani wa nyumba za nyasi tuliona wivu, mimi wa kwanza.

Siku Gaudiosa alipomzaa Fausta mvua ilinyesha kutwa. Mama mkwe wake, Bibiana, alimkanda maji moto, kisha akafanya kama wanavyofanyiwa wazazi wote wa kwetu: akamwekea jiko la mkaa karibu na kitanda, akafunga mlango na dirisha. Nyumba za nyasi zilipitisha hewa. Ile haikuwa na upenyo hata wa sisimizi. Jioni alimkuta hajitambui, ameulalia mguu wa kulia. Mtoto alikuwa na Bibiana jikoni, lakini alimtoa chumbani wakati gani? Mara aseme kabla ya kuleta mkaa, mara baadaye. Maskini, kila alipoulizwa alizidi kuchanganyikiwa.

Gaudiosa alizinduka, ila mguu ulivimba ukafa ganzi, na uvimbe ulipokwisha unyayo ukabaki unaning'inia. Akitembea ananyanyua goti juu, unyayo unapiga chini pwa. Wengine walisema karogwa, wengine eti anakwepa shamba la kijiji. Upuuzi mtupu. Daktari wa zahanati alisema hewa ya mkaa imeumiza misuli na mishipa ya fahamu. Bibiana akabisha kwamba mkaa wake haukutoa moshi hata kidogo. Daktari akajibu kwamba hewa hiyo haionekani wala hainuki. Hapo ndipo tulipopotea kabisa. Sasa mtu atajuaje kama mtoto naye hakuivuta? Swali hilo lilimnyima Gaudiosa usingizi.

Fausta alipoanza kutembea, alinyanyua goti la kulia juu, unyayo ukapiga chini. Bibiana alikaa palepale akalia. Wakambeba hadi zahanati, nami nyuma yao.

Daktari alimtekenya unyayo. Ukajikunja juu vizuri, vidole vikachezacheza. Akamwambia Gaudiosa atembee kidogo, akamwangalia, kisha akamwangalia mtoto.

"Mtoto ni mzima," alisema. "Anakuiga wewe."

Gaudiosa hakujua ashukuru au alie, na mimi pia sikujua. Alimshusha Fausta sakafuni, akamshika mkwewe mkono.

"Mama," akasema, "kuanzia leo naomba wewe ndiye utembee mbele yake."